Garimoshi limekwenda, njia imebaki

Mwenda pole hajikwai, ndivyo walivyonena wahenga wetu. Nami naongeza kuwa mwenda pole husikia. Mtu akipita nchi ya watu kwa motokaa huiona kama picha ya ukutani, na akipita kwa miguu huchoka kabla hajaimaliza. Lakini akipita kwa baiskeli, tena baiskeli ya kukodi isiyo na haraka, huisikia nchi ikizungumza. Mwezi wa Novemba nilipata nafasi ya kuendesha baiskeli siku tano katika mashamba ya Andalusia, kusini mwa Uhispania, na nchi ile ilipozungumza nilishangaa kusikia maneno ambayo mimi, mtoto wa pwani, nimeyajua tangu utotoni.

Njia niliyoifuata inaitwa Vía Verde del Aceite, yaani Njia ya Kijani ya Mafuta. Inaanzia mji wa Jaén na kuishia Puente Genil katika mkoa wa Córdoba, mwendo wa kilomita 128. Wenye misuli huimaliza kwa siku mbili. Mimi ni mtu wa makamo, na isitoshe nilikwenda kutazama, si kushindana.

Njia hii ina hadithi yake. Hapo kale ilikuwa reli. Ilijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ili kuchukua madini ya risasi ya Linares, mvinyo na mafuta ya zeituni kuyafikisha bandarini Málaga, na wenyeji wakaliita garimoshi lake Treni ya Mafuta. Baadaye malori yaliiba mizigo, mabasi yakaiba abiria, na mwaka 1985 serikali ikaifunga pamoja na reli nyingine nyingi zisizoleta faida. Vyuma viking'olewa, stesheni zikabaki na popo, na magugu yakaanza kuidai ardhi yake.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1993 Wahispania walianza mpango wa kuzigeuza reli zilizokufa kuwa njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Hivi leo nchini mwao kuna zaidi ya kilomita 3,000 za njia za aina hiyo, na motokaa haziruhusiwi kupita. Faida yake huijua aliyezidiwa na umri: garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo mainjinia wa zamani walikata vilima, wakatoboa mahandaki na kujenga madaraja marefu ya chuma juu ya mabonde ili reli ipande na kushuka taratibu. Jasho la vibarua wale ndilo linalomwezesha mzee wa leo kuvuka milima bila ya kuteremka kwenye baiskeli.

Mti wa Warumi, tunda la Waarabu

Ukitoka Jaén huoni tena mji. Unaona mizeituni. Mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60, iliyopangwa kwa mistari kama watu wanaoswali, bonde kwa bonde hadi macho yanapochoka. Sisi tuliosoma chuoni tulihifadhi tungali wadogo ile sura fupi yenye kiapo cha tini na zeituni, tukaisoma kwa sauti tukiyumba na mbao zetu mapajani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuona mti wenyewe. Nilisimamisha baiskeli mahali kati ya Torredelcampo na Martos, nikashika jani lake. Kwa juu lina kijani kibichi, na kwa chini ni la rangi ya fedha. Upepo ukivuma shamba zima hubadilika rangi.

La ajabu ni lugha. Mhispania huuita mti huo olivo, neno la Kilatini lililoachwa na Warumi. Lakini tunda lake huliita aceituna, nayo ni zeituni yetu, na mafuta huyaita aceite, kutokana na zayt ya Kiarabu. Kinu cha kukamulia huitwa almazara, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kukamua. Mti ni wa Warumi, tunda na mafuta ni ya Waarabu, na mkulima anayeyasema yote kwa pumzi moja wala hana habari kwamba anasimulia historia.

Basi toka hapo nikawa natega sikio. Birika la maji shambani ni alberca, na sisi tuna birika la msikitini la kutilia udhu. Dari ya juu ya kuwekea nafaka ni algorfa, ambayo ni ghorofa. Ngome ya mfalme ni alcázar, nayo ni kasri. Mkuu wa mji ni alcalde, na huyo ni kadhi aliyevuliwa kilemba. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, soko ni zoco. Kipimo cha zamani cha uzito ni arroba, maana yake robo, na neno hilo hilo sasa ndilo jina la ile alama ya herufi a iliyozungushiwa duara katika anwani za barua pepe. Hata neno “hata” lenyewe limo: Mhispania akikuambia hasta, yaani “mpaka”, ametumia hatta ile ile ya Kiarabu tuliyoichukua sisi.

Waswahili na Wahispania hawakupeana maneno hayo. Sisi tuliyapata kwa jahazi na kwa chuo, na wao waliyapata kwa dola iliyoingia mwaka 711 na kudumu hadi Granada iliposalimu amri mwaka 1492. Ni mito miwili iliyotoka chemchemi moja, na hapo shambani nilikuwa nimeinamia mmoja nikanywa nikaijua ladha.

Salamu chini ya mzeituni

Karibu na Alcaudete niliwakuta watu kazini. Novemba ndiyo mavuno huanza kupamba moto. Hutandikwa nyavu chini ya mti, kisha matawi hupigwa kwa fito ndefu, au shina hutikiswa kwa mashine, na zeituni huanguka kama mvua ya mawe. Katika kundi lile walikuwamo Wahispania, mume na mke na jamaa zao, na walikuwamo pia vijana weusi watatu. Nikatoa salamu ya Kiislamu. Mmoja akaitika kwa sauti iliyowafanya wenzake wageuke.

Alikuwa Msenegali. Kifaransa chake mimi sikijui, Kiingereza changu yeye hakijui, na Kispania chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Tukabaki na Kiarabu cha chuoni. Aliniashiria kwa mikono kwamba naye alisoma kwa ubao na wino. Akachuma zeituni moja, akainua na kusema “Zaytun,” kisha akacheka, kwani yeye pia aliisoma kabla hajaiona. Nikamuuliza kazi ikoje. Akanionyesha viganja vyake. Nikamuuliza analala wapi. Akaonyesha mjini, kisha akapindua mkono, ishara ya kwamba leo yupo, kesho hajui.

Baadaye niliambiwa kwamba miji kadha ya mkoa wa Jaén hufungua mabweni ya muda kwa vibarua wakati wa mavuno, lakini si wote wanaopata nafasi. Nilikanyaga pedali nikiwaza. Nchi hii iliwahi kuwafukuza watu walioipa majina ya kazi zake. Baada ya uasi wa mwaka 1264 Waislamu wengi wa mabonde haya walihamishwa, wakakimbilia Granada. Kati ya mwaka 1609 na 1614 wazao wa Waislamu, ambao walikwisha batizwa kwa nguvu, walitolewa katika Uhispania nzima, takriban watu 300,000, wakatupwa pwani za Afrika. Leo mavuno ya zeituni hayakamiliki bila ya mikono kutoka Moroko, Senegal na Mali. Sisemi hayo kwa kulaumu. Mkulima aliyekuwa akifanya kazi pamoja na vijana wale alikuwa na viganja kama vyao, na mwaka wake pia haukuwa na uhakika. Ukame wa msimu wa 2022 na 2023 ulishusha mafuta ya Uhispania chini ya nusu ya msimu uliotangulia.

Mzee wa Zuheros

Ng'ambo ya mto Guadajoz, ambao njia huuvuka kwa daraja refu la chuma, unaacha Jaén na kuingia mkoa wa Córdoba. Hapa ardhi inainuka, na juu ya kila mwamba kuna ngome. Si bure. Córdoba ilitekwa na Wakristo mwaka 1236 na Jaén mwaka 1246, lakini Granada ikabaki ya Waislamu kwa zaidi ya miaka 240. Kwa muda wote huo vijiji hivi vilikuwa mpakani, na mtu alilala upanga ukiwa karibu na mto wa kulalia.

Kijiji kilichonikaa moyoni ni Zuheros. Kina watu wasiofika 1,000. Nyumba zake zimepakwa chokaa nyeupe, vichochoro vyake ni vyembamba kiasi cha punda kumwachia njia mtu, na ngome yake imeota juu ya mwamba mpaka hujui jiwe la Mungu linaishia wapi na jiwe la binadamu linaanzia wapi. Wenyeji husema jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la mwamba. Mimi niliyezoea vichochoro vya miji yetu ya kale nilipita nikigusa kuta kwa mikono miwili kama mtu aliyerudi kwao.

Barazani, mbele ya ngome, nilimkuta mzee ameketi juani na fimbo yake. Msichana wa mkahawa, ambaye alijua Kiingereza, akatufasiria. Mzee akasema utotoni mwao walikuwa wakilitazama garimoshi kule bondeni na kupima saa kwa moshi wake. Mama yake alilipanda kwenda Cabra na kapu la jibini ya mbuzi, ambayo mpaka leo ndiyo sifa ya kijiji hiki. Garimoshi hilo hilo likawachukua vijana. Wenzake walikwenda Barcelona, wengine Ujerumani, na wanawe mwenyewe wako Málaga.

Nikamwuliza, “Mzee, reli ilipofungwa mlisikitika?”

Akanitazama kitambo. “Siku ile hakuna aliyelia,” akasema. “Garimoshi lilikuwa halina watu. Kilio kilikuja baadaye, tulipoona hata wa kulifunga stesheni mlango hayupo.”

Kisha akanyosha fimbo kuelekea bondeni, ambako waendesha baiskeli wawili walikuwa wadogo kama siafu. “Sasa wanapita hao. Wanakula mkate wetu na mafuta yetu, wanalala usiku mmoja. Si wengi. Lakini huyu,” akamwonyesha msichana, “hakuhama.”

Msichana alifasiri maneno hayo na uso ukamwiva.

Malenga wa Cabra

Kutoka Zuheros, ukipita Doña Mencía, unateremka hadi Cabra. Msafiri mwingine ataufurahia mji huu kwa chemchemi yake, ama kwa stesheni yake ya kale iliyokarabatiwa. Mimi nilikuwa na deni na mtu aliyekufa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Waandishi wa kale wa Andalusia wanasema kwamba aina ya shairi iitwayo muwashshah ilibuniwa na malenga wa Cabra, mwishoni mwa karne ya 9. Jina lake wanahitilafiana. Ibn Bassam anamtaja kuwa ni Muhammad bin Mahmud, kipofu. Ibn Khaldun anamwita Muqaddam bin Muafa. Lakini wote wawili wanamwita al-Qabri, yaani mtu wa Cabra.

Nieleze jambo alilolifanya, maana wapenzi wa ushairi wetu watalithamini. Kasida ya Kiarabu ilikuwa ikienda kwa kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, haina beti. Muwashshah ukalikata shairi katika beti, kila ubeti ukapewa vina vyake, na kila baada ya ubeti ikarudi mistari yenye vina vilivyo sawa katika shairi zima, mfano wa kituo chetu. Kisha, mwisho kabisa, mistari ya kufungia ikawa kwa lugha ya mtaani, aghalabu ikitiwa kinywani mwa msichana: Kiarabu cha sokoni, au hata Kilatini kilichochakaa ambacho ndicho kilichokuja kuwa Kispania. Fikiri, ndugu msomaji, malenga atunge kwa Kiarabu safi cha wanavyuoni, kisha afunge kwa maneno ya mwanamwali anayeteka maji. Mistari hiyo ya mwisho ndiyo baadhi ya maandishi ya kale kabisa ya ushairi wa lugha hiyo, na ulimwengu wa wataalamu ulitaharuki mwaka 1948 Samuel Stern alipoitangaza, baada ya kuikuta katika mashairi ya Kiebrania.

Sisemi kwamba shairi la Mvita au la Lamu limezaliwa Cabra. Sina ushahidi, na mwenye kudai bila ya ushahidi hujitia aibu. Nasema tu kwamba mtu mwenye kufungua ubeti na kuufunga kwa kituo akifika Cabra huona amefika kwa jirani.

Na hapa pana jambo zito. Muwashshah ulienea mpaka Misri na Sham, na huimbwa hadi leo. Lakini katika mashairi ya mbunifu mwenyewe haukubaki hata mstari mmoja. Hakuna aliyeyaandika yakadumu. Tuna kikombe, chai imemwagika. Niliketi kando ya chemchemi ya mji, maji yakitoka chini ya mawe, nikatunga ubeti huu kuwa sadaka yangu kwake:

Garimoshi limekwenda, njia yake imekaa,
Hayupo aliyepanda, mti wake unazaa,
Kazikwa alouunda, ubeti wake wang'aa,
Mja huja akaenda, kaziye ndiyo husaa.

Makaburi ya Lucena

Siku iliyofuata nilifika Lucena, na mji huo ulinionya nisiridhike upesi na ubeti wangu. Katika karne ya 11 Lucena ulikuwa mji wa Mayahudi katikati ya nchi ya Waislamu, maarufu kwa chuo chake cha dini. Mwanachuoni mkubwa Isaac Alfasi, aliyetoka Fas, alifundisha hapo hadi alipokufa mwaka 1103. Katikati ya karne ya 12 wakaingia Almuwahidina kutoka Moroko, watawala Waislamu wasiokuwa na subira na dini za wengine, na jumuiya hiyo ikavunjika ikatawanyika. Kwa hiyo wafukuzaji hawakuwa wa dini moja tu, na wafukuzwa hawakuwa wa dini moja. Makaburi yao yalisahauliwa kabisa hata mwaka 2006, wakati wa ujenzi wa barabara, matingatinga yakayafichua.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna kinachobaki chenyewe. Njia niliyopita ilibaki kwa sababu kuna watu waliokaa mkutanoni wakaamua kuzipiga rangi nguzo za daraja badala ya kuziuza kwa mizani kama vyuma chakavu. Maneno ya shambani yalibaki kwa sababu mkulima hakuwa na jina jingine la birika lake, na mwanawe alimfuata shambani. Mashairi ya kipofu wa Cabra yalipotea ingawa yalipendwa na kuigwa na wengi. Kupendwa hakukutosha, yalitaka kalamu. Na makaburi ya Lucena yalitoweka kwa kuwa hakubaki mtu mjini wa kuyazuru.

Nilipofika Puente Genil na kurudisha baiskeli kwa wenyewe, sikuwaza sana juu ya Uhispania. Niliwaza kibaba na pishi. Ile arroba, robo ya Mwarabu, mkulima wa Andalusia bado anaifahamu japo sasa anapima kwa kilo. Je, watoto wetu wa shule hapa pwani, ukiwaambia pishi moja ni vibaba vinne, wangapi watakuelewa? Wangapi wanajua shibiri na wari? Fundi wa jahazi akifariki, ni nani mtaani aliyeandika majina ya mbao zake, toka mkuku hadi foromali? Bibi anayejua nyimbo za kutawaza mwari, ni mjukuu gani amekaa naye na daftari?

Sisi hatuna udhuru wa kipofu yule, kwani karatasi ipo, na simu ya kunasia sauti imo mfukoni mwa kila kijana. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwisho wa wiki hii, msomaji uliye na mzee nyumbani, mwulize jina la kitu kimoja ambacho hakitumiki tena. Liandike, uandike na mahali lilikotumika na kazi yake, kisha ulete hapa gazetini. Mimi nimekwisha anza na langu: mama yangu aliuita mtungi wa maji ya kunywa “balasi”, na tangu afariki sijalisikia neno hilo nyumbani kwetu.